Mizani ya Mbuzi

Mwero aliposhuka kwenye pikipiki mbele ya boma lao Kinango, begi mgongoni, nyanya yake hakumkumbatia kwanza. Alimshika mfupa wa bega kwa vidole viwili, kama mtu anayekagua kitambaa dukani, kisha akamgeukia mkwewe.

"Mbithe, njoo uone. Mume wangu wamemrudisha nusu. Hiyo nusu nyingine kaila nani?"

"Shikamoo, Nyanya," alisema Mwero, akicheka.

"Marahaba, mifupa yangu. Ingia ndani kabla upepo haujakuchukua."

Mbithe, mamake, alikuwa amesimama mlangoni na unga mikononi. Alimtazama mwanawe kuanzia viatu mpaka nywele, akarudi jikoni akaongeza unga kwenye sufuria.

Pale kijijini kila mtu alijua kwamba Mwero wa Kitsao ni dereva wa mbio, ila wachache walijua ni mbio za namna gani. Wengine walidhani anaendesha trela kama babake, lakini kwa haraka zaidi. Mwenyewe alikuwa na miaka kumi na saba. Alianzia Diani, wakati mamake akifua mashuka ya hoteli. Nyuma ya hoteli hiyo palikuwa na kiwanja cha vigari vidogo vya kukodisha watoto wa wageni. Mwero alivisukuma vilipozimika, na malipo yake yalikuwa mzunguko mmoja jioni. Katika mizunguko hiyo ya bure akawashinda waliolipa. Akapelekwa Nairobi akachukua ubingwa wa vijana, kampuni moja ya matairi ikamdhamini, na mwaka huu wote alikuwa Uhispania akishindana katika magari ya kiti kimoja, yale ya magurudumu nje, ambayo dereva hulala ndani yake chali kama mtu aliyezama kwenye beseni.

Alikalishwa mkekani, akawekewa sima, kuku, mboga chungu ya mtsunga na kibuyu cha maziwa lala. Nyanya Jumwa akaketi mbele yake kumlinda asiache.

"Haya, tueleze. Ulishinda?"

"Mbio za mwisho nilikuwa wa pili, Nyanya. Ikabaki mizunguko minne, shingo ikachoka. Kichwa kikaanza kulala upande, nikawa sioni kona vizuri. Nikamaliza wa sita."

"Shingo ilichoka kubeba nini?"

"Kichwa. Na helmeti."

"Kichwa chako mwenyewe?"

"Kwenye kona kasi inakivuta, Nyanya. Ni kama mtu amekukamata sikio na hataki kukuachia."

Nyanya alimtazama Mbithe. Mbithe akatazama sufuria, midomo ikimcheza.

"Miaka hamsini nimebeba ndoo kichwani," alisema Nyanya, "na juu ya ndoo mboga, na mgongoni babako. Kichwa changu hiki hapa. Wewe umeshindwa na kimoja, tena kitupu. Ongeza sima."

Mwero akaongeza. Kwa kinywa kilichojaa akaeleza kwamba kampuni inataka kumpandisha mwakani, kutoka Fomula ya Nne kwenda Fomula ya Tatu.

Nyanya aliweka chini bakuli la maziwa. "Kutoka la nne kwenda la tatu? Hapa kwetu huko ni kurudishwa. Umefeli?"

"Hapana, huko wanahesabu kwenda chini. Ya kwanza ndiyo ya juu kabisa."

"Kumbe mimi niliyeachia shule darasa la nne nilikuwa karibu na juu."

"Karibu sana, Nyanya."

Wakacheka wote watatu. Ni hapo simu ya Mwero ilipolia, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na mchuzi, mamake akaibonyeza. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa ya Munyoki, yule mtu wa kampuni ya matairi, na ilisikika nyumba nzima: "Champion, Jumamosi tarehe kumi Januari nakuja huko kwenu. Nakupima uzito, naangalia kama kiti kinakukaa, halafu wazazi wanasaini. Ukipita, kiti ni chako. Usiniangushe, kuna wengine wawili wanakingojea."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na lilizaliwa bila mtu kulisikia likilia.

Katika boma la Nyanya Jumwa, kupimwa uzito kulikuwa na maana moja tu. Wiki kadhaa kabla ya mnada, beberu aliyechaguliwa hufungwa peke yake, akapewa wishwa wa mahindi, majani mabichi na chumvi kidogo ili anywe maji sana. Siku ya mnada hupandishwa kwenye mizani. Akiwa mzito, mnunuzi hutoa pesa bila kutazama juu. Akiwa mwepesi, hurudi nyumbani na mwenyewe, na mwenye mbuzi aliyerudi hupita njia ya nyuma ili asiulizwe. Nyanya alikwisha kupita njia hiyo mara mbili maishani. Hakukusudia kuipita na mjukuu.

"Tarehe kumi," alijisemea, akihesabu kwa vidole. "Siku ishirini na tatu. Zinatosha."

*

Mtoto aliyetoka mbali, kwa desturi ya pale, hali kwao tu. Kila nyumba ya ukoo lazima imwone akila, na asipokula watasema ameringa, Ulaya imemharibu. Nyumba za ukoo zilikuwa saba. Mwero alikunywa uji kwa ami yake mkubwa, akala viazi na mahamri kwa wa pili, wali wa nazi kwa shangazi, na akirudi nyumbani anakuta sima imefunikwa inamngoja, na nyanya yake kando ya sima.

Alijaribu kusema. Siku ya tano alisema, "Nyanya, nikizidi sana..."

"Huwezi kuzidi," Nyanya alimkata. "Hapa hatujawahi kuzidi kitu. Kula."

Naye akala, na ukweli ni kwamba hakujikaza sana kukataa.

Lakini chakula hakikuwa cha bure. Mabomba yalikuwa makavu tangu Oktoba, na maji yalitoka silanga, bwawa la watu na ng'ombe lililokuwa mwendo wa nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Mchukuzi wa maji wa nyumba hiyo alikuwa punda jike, na punda jike alikuwa na mimba iliyokaribia kuzaliwa. Siku ya kwanza Mwero alibeba ndoo ya lita ishirini kwa mkono, akibadilisha kulia na kushoto, akafika na nusu. Nyanya alichungulia ndani ya ndoo, akavua leso ya begani, akaisokota ikawa duara, akamtwika utosini.

"Hii ni kata. Ndoo inakaa hapa juu. Shingo wima, macho mbele, miguu ijitafutie njia yenyewe."

"Nyanya, mimi ni mwanamume."

"Na punda ni mjamzito. Kila mtu ana shida yake."

Basi asubuhi mara mbili na jioni mara mbili, bingwa wa Nairobi alipita njia ya silanga na ndoo kichwani. Wasichana walimngoja kwa hamu.

"Dereva! Leo umejaza tangi?"

"Kona hiyo, dereva, punguza mwendo!"

"Gari lake liko wapi?"

"Si hilo, analitembelea!"

Siku za kwanza alimwagikiwa mpaka miguuni na wakamshangilia kwa makofi. Kufikia wiki ya pili hakushika tena ndoo kwa mkono. Kufikia ya tatu aliweza kugeuza kichwa chote kumjibu anayemtania, ndoo ikageuka naye, na tone lisianguke. Wasichana wakapoteza hamu, maana hapakuwa tena na cha kucheka.

*

Alhamisi, siku mbili kabla ya tarehe kumi, Kitsao, babake Mwero, alirudi. Trela aliiacha Mackinnon Road ikirekebishwa breki, akapata lifti ya lori la mahindi hadi nyumbani. Aliingia uani, akamkuta kijana amekaa kivulini anamenya muhogo, mashavu yameng'aa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba," alisema Kitsao, kisha akamwuliza mkewe kwa sauti ndogo, "Huyu ni nani?"

"Mwanao."

"Wangu yuko kwenye picha, ni mwembamba."

"Alikuwa," alisema Nyanya Jumwa, akitokea jikoni kwa fahari. "Jana nilimpapasa mgongo, huhisi mfupa hata mmoja. Huyo mtu wa Nairobi na aje."

Kitsao aliketi juu ya kinu bila kukiangalia. Alikuwa na miaka ishirini barabarani, kutoka Mombasa hadi Kampala na kurudi.

"Mwero, mkataba unasema kilo ngapi mwisho?"

"Sitini na nne, Baba."

"Na wewe una ngapi?"

Mwero akaweka muhogo chini. "Nilikuja na sitini na mbili. Sasa sijui. Hapa hakuna mizani."

"Ipo," alisema Nyanya, bado anatabasamu. "Ya Sefu, mnadani. Na leo ni mnada."

Wakaenda wanne. Mnada ulikuwa unaelekea kwisha, vumbi limetulia, wanunuzi wanakunywa chai. Sefu, mwenye mizani, alikuwa akifuta kile kizimba cha chuma ambamo mbuzi husukumwa na kufungiwa.

"Mama Kitsao! Leo umetuletea nini?"

"Mjukuu."

"Wa mbuzi gani?"

"Wangu mimi. Mpime."

Sefu hakuwa mtu wa maswali. Alifungua mlango wa kizimba, Mwero akainama akaingia, akashika vyuma kwa mikono miwili. Wanunuzi wakaacha chai.

"Natoa elfu kumi na mbili!" alipaza mmoja.

"Na viatu au bila viatu?"

"Mwangalie meno kwanza! Huenda ni mzee!"

Mwero alitazama juu, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Sefu alisogeza jiwe la mizani, akalirudisha kidogo, akanyoosha mgongo kama anavyofanya siku zote kabla ya kutangaza.

"Kilo sitini na saba!"

Nyanya Jumwa alitupa mikono juu akapiga vigelegele. Baadhi ya wanawake wauza chai, bila kujua ni vya nini, wakamwitikia. Alipiga kimoja, akaanza cha pili, kisha akaona uso wa mwanawe. Vigelegele vikakatika katikati.

"Mama," alisema Kitsao polepole, "hii si mizani ya mbuzi. Ni mizani ya lori."

Nyanya hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mizani ya lori aliijua. Mwaka mmoja Kitsao alizuiliwa kwenye mizani ya barabara kuu na saruji iliyozidi, akalala siku tatu chini ya trela yake, na ni yeye aliyempelekea chakula. Pale anayezidi ndiye anayerudishwa.

Walirudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

*

"Lori likizidi," alisema Kitsao walipokaa, "kwanza unamwaga maji."

"Mtoto hanyimwi maji katika nyumba hii," alisema Nyanya. "Tunayapata kwa taabu na atayanywa."

"Basi unashusha mzigo kando ya barabara."

"Mzigo gani? Ni mwili wake."

Kitsao akafikiri, akaleta wembe, akamnyoa Mwero nywele zote. Walizikusanya ndani ya karatasi, akazipima mkononi, juu chini, juu chini, akazitupa kwa uchungu. Hazikuwa na uzito wowote.

Mikono ya Mbithe ilikuwa bado na alama za sabuni kali ya hoteli, ingawa aliacha kazi ile mwaka juzi. "Hao wawili wanaongoja kiti," aliuliza, "ni wa nani?"

"Mmoja babake ana kiwanda cha jibini, Mama."

"Anakula jibini na bado ni mwepesi?" Nyanya aliuliza, kama aliyetukanwa.

"Ataongeza safari za silanga," alisema Mbithe. "Sita badala ya nne. Usiku atakunywa uji mwepesi. Na mtu yeyote akileta sahani, arudi nayo." Hapo alimtazama mama mkwe wake, kwa heshima, lakini alimtazama.

Nyanya akainamisha kichwa. Yeye ndiye aliyewafundisha wote humo ndani kwamba sahani ya jirani hairudishwi.

Na jaribio halikuchelewa. Ijumaa, jua halijapanda, Eunice wa nyumba ya pili alifika na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa safi. Eunice alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, mama mwenye mkoba wa kijani na fulana yenye maandishi, ambaye akilishika neno haliachi mpaka alifikishe mwisho.

"Mahamri ya dereva wetu, Mama Kitsao. Na mbaazi za nazi."

Harufu ilifika mpaka kwa punda. Nyanya alisimama katikati ya mlango. Alitaka kusema kweli, lakini kweli ilikuwa ndefu na ya aibu, na ilikuwa na kizimba cha Sefu ndani yake.

"Mwanangu, leo hataweza," alisema. "Anaendesha."

"Anaendesha nini?"

"Tumbo."

Alijuta kabla neno halijatua. Eunice akatoa daftari.

"Tangu lini? Mara ngapi? Maji ni ya silanga? Mnachemsha?"

*

Jioni hiyo Nyanya alimfuata Mwero silangani, akiwa na ndoo yake ndogo. Maji yalikuwa yamerudi katikati, matope yamepasuka pembeni kama chapati iliyoungua. Walikaa kwenye ukingo wangoje ng'ombe waliotangulia.

"Kwa nini hukuniambia?" Nyanya aliuliza. "Mdomo unao. Niliuona ukitafuna."

Mwero alichora kona ardhini kwa kijiti, kona moja, kisha nyingine. "Kule ninakula peke yangu, Nyanya. Chakula kiko kwenye sahani ya plastiki, kimepimwa gramu, naangalia ukuta. Nikimaliza naosha sahani moja. Hapa nikila watu wananitazama mpaka tonge la mwisho, kama vile nashinda mbio. Nikasema kesho nitawaambia. Kesho ikawa wali."

Nyanya alisokota leso ikawa kata, akaisokotoa, akaisokota tena.

"Wakikukosesha kiti hicho," alisema hatimaye, "nitakwenda mwenyewe kwa huyo wa jibini nimlishe mwanawe."

Mwero alicheka mpaka kijiti kikavunjika. Kisha akajitwika, akasimama, akamshika nyanya mkono kumpandisha ukingo, na ndoo kichwani haikutikisika. Nyanya aliliona hilo. Halikumwambia kitu wakati ule.

*

Munyoki alifika Jumamosi saa nne na gari jeupe, kijana mnene kidogo mwenye miwani ya jua na kicheko cha karibu. Kwanza alimkuta Eunice getini, na ndoo ya maji yenye dawa.

"Nawa mikono, kaka. Na viatu kanyaga hapa. Kuna mgonjwa wa kuhara ndani."

"Nani?"

"Mwero. Siku ya pili sasa. Nimeleta chumvi za maji pakiti sita."

Munyoki alivua miwani. Uani alimkuta kijana amenyolewa kipara, amesimama kati ya wazazi waliovaa nguo za kanisani, na hakuna aliyekuwa akitabasamu.

"Niaje, champion. Shosho, habari yako? Jamani, huyu ni mgonjwa na hamkunipigia? Mgonjwa siwezi kumpima. Nikiandika mgonjwa, kiti kinakwenda kwa mwingine leo leo."

Kitsao alifungua mdomo, Nyanya akamtangulia.

"Kwanza mimi si shosho, mimi ni Jumwa. Pili, hana ugonjwa. Eunice, mwanangu, nisamehe, nilikudanganya mbele ya mahamri yako. Mtoto amenenepa, nami ndiye niliyemnenepesha. Nilisikia atapimwa, nikadhani unapima kama tunavyopima sisi, mzito ndiye anayekwenda. Nimemlisha kama beberu wa mnada. Kama kuna mtu wa kukatwa, nikatwe mimi."

Munyoki alimtazama bibi huyo, akamtazama Mwero, akatazama zizi. Mabega yakaanza kumtikisika. Aliketi kwenye kinu kile kile alichokalia Kitsao, akacheka mpaka machozi.

"Na wishwa mlimpa?"

"Wishwa hapana," alisema Nyanya kwa hadhi. "Chumvi, kidogo."

"Kwetu Mutomo," alisema Munyoki akijifuta, "nilikuwa ninawachunga hao wa mnada. Haya. Lakini mizani yangu haina ucheshi, Mama Jumwa. Wacha tuone."

Fomu yake ilikuwa na mistari mitatu: uzito, kiti, shingo. Alitoa mizani ya kioo, akaiweka juu ya ubao. Mwero alipanda. Mbithe alifumba macho. Eunice, ambaye alikuwa amesamehe nusu tu, alisoma kwa sauti kabla ya mwenyewe.

"Sitini na tano!"

Imezidi kilo moja. Munyoki hakucheka tena. Aliandika, akalivuta gamba la kiti kutoka nyuma ya gari, lile lililomiminwa kwa umbo la mwili wa Mwero huko Uhispania, akaliweka chini kati ya kuku. Mwero akajilaza ndani. Nyonga ziliingia kwa kusukumwa, mkanda ukafunga kwa tundu la mwisho.

"Kimebana, lakini kimefunga," Munyoki aliandika. "Sasa shingo. Hapa ndipo ulipolia mwezi wa kumi."

Alimvika helmeti, akafunga kamba pembeni mwake, na kwenye kamba mizani ndogo ya ndoano. Akavuta kwa upande, taratibu, kama kasi inavyovuta konani. Oktoba Mwero aliangusha kichwa kwenye kilo kumi na nne. Munyoki alivuta mpaka kumi na nne, kichwa kiko wima. Kumi na nane. Akapachika mguu kwenye kinu, akavuta kwa mikono miwili. Ishirini na mbili. Mwero alikuwa anatazama mbele kama mtu anayewaza mambo mengine.

"Ebu ngoja." Munyoki alikagua mizani yake, akahamia upande wa pili, akavuta tena. "Ni gym gani ulienda wewe?"

"Silanga," alisema Mwero ndani ya helmeti.

"Punda wetu ni mjamzito," alieleza Nyanya.

Munyoki alitoa simu, akatembea mpaka nyuma ya zizi ambako mtandao ulipatikana, akaanza kuzungumza Kiingereza na mtu wa Uhispania. Familia yote ilimfuata mpaka kwenye ua wa miiba. Nyanya hakujua Kiingereza, lakini sura ya mnunuzi anayesita aliijua kuliko mtu yeyote pale. Amependa mali, anaogopa kasoro. Wakati kama huo mwenye mbuzi hanyamazi.

"Anasemaje?" aliuliza.

"Anasema shingo ni nzuri kupita wote watatu," alijibu Munyoki, akifunika simu. "Ila sheria ni sheria, kilo imezidi."

"Anataka kumchukua lini?"

"Mwezi wa pili."

"Basi mwambie hivi. Mbuzi akitoka hapa kwenda Mombasa hupungua kilo njiani, kila mnunuzi wa Kinango anajua hilo na hutoa pesa hivyo hivyo. Huyu anakwenda mbali kuliko Mombasa, na huko analishwa kwa gramu akiangalia ukuta. Kilo itapungua yenyewe. Lakini shingo haipungui njiani. Shingo ndiyo anayoiona sasa. Mwambie aseme, ama namrudisha zizini."

Munyoki alitafsiri. Alichukua muda, maana neno la mbuzi alilieleza mara mbili. Upande wa pili kikasikika kicheko kikavu cha mzee, na maneno machache.

"Amesema nini?" Mbithe aliuliza, ameshika mkono wa mumewe bila kujua.

"Amesema akifika na sitini na nne, kiti ni chake." Munyoki aliweka simu mfukoni. "Na anauliza huyo aliyekuwa akisema hapo nyuma ni wakala wake?"

Nyanya Jumwa alipiga vigelegele. Safari hii vilifika mwisho.

Kitsao alisaini kwanza, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea karatasi za mizigo. Mbithe alisaini baada yake, akaupuliza wino mpaka ukakauka. Kisha mgeni akakaribishwa mkekani, na hakukataa. Mahamri ya Eunice, yaliyokataliwa jana, yaliletwa tena yakapashwa moto. Munyoki alikula ya kwake na ya Mwero, na alipoinuka Kitsao akamwonyesha kwa kidole ile mizani ya kioo. Akapanda kwa ujasiri, akachungulia, akashuka, akaifungia ndani ya gari bila kutangaza.

*

Mwisho wa Machi picha iliingia kwenye simu ya Mbithe. Punda alikuwa amezaa, na Nyanya alikuwa uani akimfundisha mwanapunda kutokula leso. Mbithe akamshikia simu karibu na macho.

Mwero alikuwa amesimama kwenye barabara nyeusi iliyofagiliwa, amevaa nguo za mbio, kiti amekipata, ndoo ya plastiki kichwani juu ya leso ya nyanya yake. Nyuma yake, kwa mstari, walikuwa vijana watatu wa Kizungu, kila mmoja na ndoo yake na kitambaa kilichosokotwa vibaya. Wa mwisho alikuwa amelowa mpaka viatuni.

"Anasema kila asubuhi wanazunguka nazo uwanja," alisoma Mbithe. "Mkufunzi amenunua ndoo kumi. Yule aliyelowa ndiye wa jibini, sasa ni dereva wa akiba."

Nyanya alitazama muda mrefu. Mjukuu wake alikuwa sawa, shingo wima, macho mbele. Aliwatazama wale wengine, mmoja mmoja, mabega yao, mikono yao, akasikitika.

"Maskini," alisema. "Hebu mwambie Mwero, likizo ikifika aje nao."